Gari la Kupokea Wageni

Ndege ya Jumatatu ilitua Lindi saa tano na dakika kumi asubuhi, na abiria wake tisa wakashuka ngazi wakiwa wameshikilia kofia na makaratasi yao, maana upepo ulikuwa mkali. Uwanja uko mbali na mji, na kila anayeshuka pale lazima aamue ataingia mjini na nini. Siku hiyo nje ya uzio palikuwa na teksi moja nyeupe yenye ufa kwenye kioo cha mbele, bajaji mbili, pikipiki nne, na gari la wagonjwa lililotumwa kuwapokea wageni wa semina na kuwapeleka hotelini.

Wageni wa semina walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Dativa, mkunga wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Newala, ambaye kwa miaka tisa hakuwa amezalisha mtu. Alikuwa na ofisi Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, akiandika miongozo ya uzazi salama. Mwingine alikuwa Gregori, mratibu wa semina, mwanamume asiyeachana na simu yake, aliyekwisha kupita uwanja ule mara nne tangu mwaka uanze.

Gregori alilitazama gari la wagonjwa, akaitazama teksi, akaelekea kwenye teksi.

"Sista Dativa, tupande hii," alisema. "Lile gari lina mzazi."

"Mzazi gani?"

"Yule wa Machi. Si mtu wa matata, lakini huwezi kuongea na simu. Analia njia nzima."

"Na bajaji?"

"Bajaji utafika na vumbi mpaka kwenye meno. Mgeni rasmi anakuja saa saba. Teksi ndiyo salama yetu."

Dativa alimpa dereva wa teksi begi lake, na dereva akaliweka kwenye buti juu ya gunia la mkaa. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani aliposikia sauti kutoka kwenye gari la wagonjwa. Haikuwa kelele. Ilikuwa mguno mrefu wa mtu aliyebana pumzi, halafu akaiachia kidogo kidogo. Dativa aliutoa mguu wake nje ya teksi.

"Huyo anasukuma," alisema.

"Anasukuma tangu Machi," alisema Gregori. Ilikuwa mwezi wa tisa.

Habari za mzazi huyo zilijulikana na kila mtu pale uwanjani, hata mwanamke aliyeuza maji ya chupa. Aliitwa Mboni. Alikuwa mkulima wa mikorosho kutoka kijiji kimoja cha ndani, upande wa kaskazini wa uwanja, mwenye mtoto mmoja na mimba ya pili. Asubuhi moja ya mvua uchungu wake ulikwama, na nesi wa kituo cha afya, Yustina, akaita gari. Gari lilikuja upesi. Dereva wake, Rehani, alimpakia Mboni kwenye machela, na mumewe, Shaaban, akafuata nyuma kwa pikipiki ya kuazima, kwa kuwa siku za ndege viti vya mbele vilitakiwa vibaki wazi kwa ajili ya wageni. Walipokaribia uwanja simu ililia. Mkubwa wa Rehani, aitwaye Mikaeli, alimwagiza apitie uwanjani kuchukua wageni, kwani uwanja uko njiani. Ndege ilichelewa saa moja na nusu. Wageni walipofika, wakapelekwa hotelini kwanza, kwa sababu ufunguzi ulikuwa unawasubiri wao. Pale kwenye maegesho ya hoteli, wakati maboksi ya wageni yanashushwa, kati ya boksi la pili na la tatu, Mboni akafa na mtoto tumboni.

Mwili uliteremshwa, ukarudishwa kijijini, ukaoshwa, ukavishwa sanda na kuzikwa kabla ya magharibi. Huo ulikuwa mwili. Mboni mwenyewe hakushuka. Siku ya ndege iliyofuata Rehani aliegesha uwanjani, akasikia mtu nyuma yake akiuliza kama ndege imeshatua. Tangu hapo alikuwepo kila safari, kutoka uwanjani mpaka maegesho ya hoteli, na wageni wakishashuka machela ilikuwa tupu. Siku moja Rehani hakusubiri wageni. Aligeuza gari na kumkimbiza hospitali moja kwa moja. Alipofika kwenye njia panda akatazama nyuma, hakuona mtu. Mikaeli alipoelezwa alisema kwamba maadamu Mboni hayumo kwenye orodha ya abiria, hajavunja utaratibu wowote.

Dativa alizunguka nyuma ya gari. Mlango ulikuwa wazi. Mwanamume mwembamba mwenye kanzu iliyofuliwa mno alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mkononi ana chupa ya chai.

"Shikamoo mama," alisema, akasimama. "Wewe ndiye mgeni?"

"Marahaba. Ndimi. Wewe?"

"Shaaban. Huyu ni mke wangu. Nakuja siku za Jumatatu na Alhamisi, ndizo siku anazokuwepo." Aliinyanyua ile chupa. "Namletea uji. Hanywi, ila anapenda kushika kikombe kikiwa cha moto."

Mboni alikuwa amelala ubavu, kichwa chake kwenye kanga iliyokunjwa, kikombe cha uji amekikumbatia kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Uso wake ulikuwa na jasho, na jasho lile halikukauka wala kudondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Uchungu ulianza lini?"

"Jumapili usiku."

Dativa hakuuliza Jumapili ipi.

"Mama, nakuomba upande," alisema Shaaban kwa sauti ya chini. "Wageni siku hizi wanachagua teksi. Asipopanda mgeni, gari haliondoki, na yeye anabaki hapa anaumwa mpaka jua linazama. Mwezi uliopita hawakupanda hata mara moja."

Dativa alirudi kwenye teksi, akafungua buti na kutoa begi lake. Gregori alikuwa kwenye simu. Alimwonyesha saa ya mkononi kwa kidole, naye Dativa akampungia mkono, na teksi ikaondoka.

Rehani alimfungulia mlango wa mbele, kama alivyoagizwa kuwafanyia wageni wote. Dativa alisema atakaa nyuma.

"Nyuma hakuna kiyoyozi, mama."

"Najua."

Gari likaondoka taratibu, Shaaban akifuata kwa pikipiki. Dativa aliuosha mkono wake kwa maji ya chupa. Lilikuwepo boksi la chuma lililoandikwa kwamba ndani mna vifaa vya kujifungulia. Alilifungua akakuta katoni ya maji ya kunywa, bango la semina lililoviringishwa, na nakala arobaini za mwongozo wa uzazi salama, toleo la pili, jina lake likiwa kwenye ukurasa wa tatu. Hakukuwa na mipira ya mikono, wala mkasi, wala uzi.

Alimgusa Mboni tumboni. Ngozi ilikuwa ya baridi, kama mtungi uliokaa kivulini. Akainama, akaweka sikio. Kwa muda alisikia gari tu, mawe yakigonga chini ya sakafu. Halafu akayasikia mapigo. Yalikuwa ya mbali na ya polepole, lakini hayakuruka hata moja. Akapima kwa vidole vyake, akitazama juu kwenye dari la gari jinsi wakunga wanavyotazama pembeni ili vidole vione vyenyewe. Njia ilikuwa imefunguka yote. Mtoto alikuwa ameshuka, ila uso wake ulitazama juu badala ya kutazama chini, na kichwa kilikuwa kimekwama.

Hilo lilikuwa jambo dogo. Katika miaka yake ya wodini Dativa alikuwa amekutana nalo mara nyingi, na wengi wa wale watoto sasa walikuwa watu wazima wenye kazi zao.

"Nani alikupima mara ya mwisho?"

"Nesi Yustina. Alisema hospitalini watajua la kufanya."

"Alisema kweli. Sikiliza. Nataka upige magoti hapa juu ya machela, mikono mbele, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Utaweza?"

"Nitaweza. Nimechoka kulala."

Dativa alilikunjua bango la semina akalitandika chini ya magoti yake, kwani lilikuwa la nailoni na lilikuwa safi. Kisha akagonga kwenye kidirisha cha dereva.

"Rehani, mpaka hotelini bado kiasi gani?"

"Tukimaliza mkonge huu, kuna kona. Baada ya kona unauona mji. Kutoka hapo dakika nane."

"Na tukifika hotelini?"

"Tukifika ndiyo basi. Anapotea."

"Simama kabla ya kona."

Rehani alipunguza mwendo lakini hakusimama. "Mama, gari hili lina kifaa. Ofisini wanaona likisimama."

"Waone."

Alisimamisha gari kando ya barabara, upande wenye kivuli cha mkorosho mmoja uliobaki peke yake baada ya watu wa barabara kukata mingine. Alizima injini. Alishuka, akaweka matawi mawili nyuma ya gari na mawili mbele, kama inavyotakiwa gari likiharibika, kisha akachuchumaa akatazama upande mwingine. Shaaban alifika, akaegesha pikipiki. Alikaa chini na kuegemeza mgongo kwenye gurudumu la nyuma.

Ilichukua saa mbili. Magari yalipita, baadhi yakapiga honi. Mboni alitikisa nyonga alivyoelekezwa, akainuka, akapiga magoti tena, akalia kwa Kimwera, akamtaja Mungu, akamtaja mama yake. Kila uchungu ulipokuja Dativa aliuegemeza mkono wake kwenye mgongo wa yule mwanamke na kusukuma, mpaka mkono wenyewe ukafa ganzi kwa baridi, akabadilisha mwingine.

Saa saba na nusu simu yake ililia. Rehani aliileta akamshikia sikioni.

"Sista, uko wapi?" Alikuwa Gregori. Nyuma yake kilisikika kipaza sauti kikijaribiwa. "Mgeni rasmi ameshakaa. Wewe ndiye mzungumzaji wa kwanza."

"Niko na mzazi."

"Mzazi yupi?"

"Wa kwenye gari."

"Aa, huyo! Huyo yupo kila safari, Sista. Alhamisi utamkuta tena. Njoo."

"Kichwa kinageuka," alisema Dativa, na kumwashiria Rehani akate simu.

Mtoto alizaliwa saa nane kasorobo. Alikuwa wa kike, mwenye nywele nyingi, na uzito wake mikononi ulikuwa kama wa mtoto yeyote wa kilo tatu. Hakulia. Dativa alimpangusa, akamsugua mgongo, akamgeuza, akampuliza, kama alivyofanya kwa watoto wengine wote, na mtoto akafumbua macho na kumtazama bila haraka. Alikuwa wa baridi kama mama yake. Mapigo yake yalikuwa yale yale, ya polepole. Dativa alivua kamba ya kitambulisho chake cha semina, akaikata vipande viwili kwa kisu cha Rehani, akafunga kitovu, akakata.

"Ni binti," alisema.

Mboni alijilaza, akamchukua. Kwa mara ya kwanza jasho lake lilikauka.

Shaaban aliomba maji akatawadha pale barabarani. Alimpokea mtoto, akaelekea kibla, akamwadhinia sikio la kulia polepole, neno kwa neno, sauti yake ikikatika mahali pawili. Lori la saruji lilipita wakati huo, naye akasubiri lipite ndipo akaendelea.

"Baba Fakihi," alisema Mboni. "Fakihi yuko na nani?"

"Yuko kwa mama. Ameanza chuo cha Kurani. Juzi kaniandikia alifu kwenye mchanga."

"Hanitafuti?"

"Alikuwa anakutafuta. Siku hizi anauliza usiku tu."

Mboni alitikisa kichwa, akamfunga mtoto kwa kanga kifuani. "Nimechoka na gari hili. Nataka nikalale kwangu."

"Kwako ni pasafi. Nimepapalilia jana."

Dativa alitaka kumwambia asubiri, kwamba mtu aliyejifungua sasa hivi hapandi pikipiki. Badala yake akampisha mlangoni. Mboni alishuka mwenyewe, akamshika Dativa mikono yote miwili, akamwambia ahsante mama, Mungu akuweke. Akapanda nyuma ya mumewe kwa upande, jinsi wanawake wa huko wanavyopanda, mtoto akiwa kati ya kifua chake na mgongo wa mumewe. Pikipiki iligeuka ikaelekea kaskazini. Dativa na Rehani waliitazama mpaka ikapotea. Iliacha alama ya matairi, nyembamba, ya mtu mmoja.

Baadaye Rehani alieleza kwamba jioni ile ile kaburi la Mboni, ambalo udongo wake ulikuwa haujashuka tangu Machi na watu walikuwa wamelinung'unikia, lilibonyea kiasi cha kiganja. Majirani walikuja na majembe wakaongeza udongo, kisha wakaenda kula kwa Shaaban.

Hotelini Dativa alifika saa tisa, nguo zake zimelowa. Gregori alimpokea kwenye ngazi, akamtazama, akasema hotuba yake imesogezwa hadi kesho, na kwamba kuna fomu ya kueleza sababu za kuchelewa. Dativa aliijaza. Pale palipoandikwa "sababu" aliandika: kuzalisha.

Siku ya pili alisimama mbele ya watu arobaini. Aliiacha hotuba aliyoiandaa, akasimulia yaliyotokea kuanzia uwanjani mpaka kwenye mkorosho. Watu waliandika kwenye madaftari yao. Mmoja aliuliza muda gani ulipita kati ya kuzaliwa kwa mtoto na kutoka kwa kondo la nyuma. Mwingine aliuliza kama kuna uwezekano wa kupata takwimu. Kisha akasimama Tekla, mkunga mzee wa zahanati moja ya ndani, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo.

"Mimi naomba kuuliza wenzangu tu," alisema. "Wangapi humu mmewahi kuita gari mkaambiwa limekwenda uwanjani?"

Mikono ikainuka. Ilikuwa mingi, mingine ilishika kalamu. Tekla aliitazama yote, akaketi. Mwenyekiti alishukuru kwa mchango huo na kutangaza mapumziko ya chai.

Siku ya tatu, Jumatano, yalipitishwa maazimio kumi na moja. Azimio la tisa lilisema kwamba magari ya wagonjwa yatumike kwa kazi yaliyokusudiwa kadiri hali itakavyoruhusu. Azimio la kumi lilisema kwamba, kwa ajili ya kulinda faragha ya mzazi na utulivu wa mgeni, magari hayo yawekewe pazia kati ya viti vya mbele na machela. Lilipigiwa makofi.

Rehani alipokuja kumchukua Dativa asubuhi ya Alhamisi, pazia lilikuwa limeshatundikwa. Lilikuwa la bluu, limeshonwa vizuri, na lilinukia harufu ya dukani.

Gregori hakuondoka siku hiyo. Semina nyingine ilikuwa inaanza Ijumaa katika ukumbi ule ule, na wageni wake wangekuja na ndege ambayo Dativa angeondoka nayo. Kwa hiyo Rehani aliagizwa ampeleke mmoja na kuwarudisha wawili.

Walifika uwanjani mapema. Machela ilikuwa tupu, shuka limetandikwa. Mwanamke wa maji ya chupa aliuliza, "Leo hayupo?" Rehani akamjibu kwamba ameshajifungua, na yule mwanamke akasema alhamdulillahi.

Saa nne na robo ilitangazwa kwamba ndege imechelewa kuondoka Dar. Dakika chache baadaye simu ya Rehani ililia. Sauti ilikuwa kubwa, na Dativa alisikia kila neno.

"Kaka Rehani, ni Yustina. Nina binti hapa, Sauda, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza. Damu inatoka na mimi haijanikalia vizuri. Uko wapi?"

"Niko uwanjani."

"Basi nisaidie," alisema Yustina. "Ukimaliza tu."

Dativa aliomba simu akampigia Mikaeli. Mikaeli alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sista, nakuelewa kabisa," alisema. "Hata mimi nina mabinti. Lakini wageni wakishuka wasione gari, nitaulizwa mimi. Ni saa moja tu. Wakishafika hotelini, gari linakwenda moja kwa moja kumchukua, kwa king'ora."

"Damu haisubiri saa moja."

"Ndiyo maana nasema, likitoka hotelini, moja kwa moja."

Alimrudishia Rehani simu. Walikaa kwenye viti vya mbele, mlango wazi, wakitazama uwanja mtupu.

"Nenda," alisema Dativa. "Mimi nitawaambia wageni wapande teksi. Nitamwandikia Mikaeli, nitaandika jina langu."

"Wewe unapanda ndege, mama. Mimi nabaki." Rehani hakusema kwa hasira. "Aliyekuwa na gari hili kabla yangu alikwenda. Alimwacha mgeni hapa, akamfuata mzazi kijijini Rutamba, na mzazi akapona. Sasa hivi anauza vocha sokoni. Mimi nina watoto wanne."

Dativa aliitazama mikono yake. Baridi ya Jumatatu ilikuwa haijatoka kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia.

Ilipofika saa tano kasoro dakika tano, ndege ikiwa haijaonekana, Rehani alipangusa uso kwa kiganja. Alisema, "Haya, Bismillahi," akawasha gari. Alifunga mlango wake, akaingiza gia. Dativa aliteremsha mguu ili ashuke amwachie nafasi.

Nyuma ya pazia mtu alikohoa kidogo, kama anavyokohoa mtu mdogo anapotaka wakubwa wajue kwamba yupo.

"Shikamooni," ilisema sauti ya msichana.

Rehani aliitoa gia. Alizima gari, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni.

"Marahaba," alijibu.

"Samahani. Ndege imeshatua?"

"Bado."

Simu yake ililia. Kwenye kioo lilitokea jina la Yustina. Rehani aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza yenyewe, kwa sababu hakukuwa na kitu ambacho Yustina angemwambia ambacho yeye hakukijua.

Ndege ilitua saa tano na nusu. Wageni wa semina ya Ijumaa walikuwa Lukas, mwanamume mnene mwenye mkoba wa ngozi, na Consolata, mwenzake wa ofisi moja. Walisimama nje ya uzio wakatazama teksi, bajaji, pikipiki, na gari la wagonjwa. Dativa aliwaendea.

"Pandeni teksi," aliwaambia. "Gari lina mzazi."

"Amekaa mbele?" aliuliza Lukas.

"Nyuma."

"Na kiyoyozi kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Basi si neno. Sisi tutakaa mbele." Alimpa Rehani mkoba wake, akasogea kumpisha Consolata apande kwanza.

Ndani ya uzio, mtu wa uwanja aliita majina ya abiria wa kurudi Dar. Aliliita la Dativa mara mbili, akaangalia huku na huku, akaliita tena kwa sauti kubwa zaidi. Dativa alikuwa ameshalitia begi lake chini ya kiti cha Rehani. Alinunua chupa mbili za maji kwa yule mwanamke, akazunguka nyuma, akavua viatu, akapanda.

Sauda alikuwa mdogo kwa umri wake, amevaa gauni la maua, mikono ameibana katikati ya mapaja. Chini yake shuka lilikuwa jekundu na lilizidi kuwa jekundu, bila kudondoka. Dativa alipiga magoti kando yake, akaanza kuosha mikono.

"Usiogope, mwanangu. Ilianza lini?"

"Leo alfajiri, mama."

Gari liliondoka. Upande wa pili wa pazia Lukas alitafuta mahali pa kuweka miguu, akasikiliza kidogo yale yaliyokuwa yakiendelea nyuma yake, kisha akamuuliza dereva kama huwa hivi kila siku.

"Hapana," alisema Rehani. "Siku za ndege tu."